Ilionekana, Haikufika

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyosimama katika uwanja wa shule ya msingi kule Wamagana, viatu vyangu vya kisigino vikiwa vyekundu kwa vumbi, nikamwambia Mzee Kihara kwamba mkebe wake unavuja. Kaa hapo nikusimulie, na hiyo simu iweke kando kidogo. Uji bado una moto, hatuna haraka.

Mzee Kihara alikuwa fundi wa mawe. Nusu ya kuta za shule ile alizijenga yeye. Mkebe ninaousema ulikuwa kipima mvua, mkebe wa shaba uliochimbiwa kwenye nyasi na kuzungushiwa uzio, na yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Kila asubuhi saa tatu kamili alikuja kupima maji yaliyomo na kuyaandika katika daftari, Jumapili kwa Jumatatu, Krismasi na Pasaka, tangu miaka ile ya kwanza ya uhuru. Watoto walimwita Guka wa Mvua, yaani Babu wa Mvua. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watoto hao, nikichungulia uzio nikitaka kujua kama kuna chura ndani.

Kisha nikaenda kusoma. Nikasoma hadi nikachoka, nikarudi na shahada mbili, nikaajiriwa ofisi ya hali ya hewa Nairobi. Ilikuwa mwisho wa miaka ya themanini. Kompyuta yetu ilikuwa kubwa kama kabati la nguo na iliwekewa kiyoyozi wakati sisi binadamu tulijipepea kwa magazeti. Ndani yake tulikuwa na modeli ya eneo letu, yaani hesabu ndefu zinazochukua upepo, joto na unyevu wa leo na kujaribu kusema vitakuwaje kesho. Nchi nzima tuliikata kwa miraba, na kila mraba ukapewa joto lake, upepo wake na mvua yake. Lakini ile miraba ilikuwa mikubwa, mwanangu. Mmoja ulianzia karibu na Sagana ukaishia juu ya Nyeri. Na huu mlima wetu unaouona kila ukifungua dirisha, Kirinyaga mwenyewe, yaani Mlima Kenya, na theluji yake, kwa kompyuta ulikuwa kilima ambacho ng'ombe mzee angepanda bila kupumzika.

Kazi niliyopewa ilikuwa kurekebisha mvua ya upande wa huku. Modeli ilinyesha mvua kidogo kidogo, karibu kila siku, na ukijumlisha msimu mzima haikufika hata nusu ya ile iliyopimwa. Ningeweza kuuliza ni kwa nini. Nilikuwa kijana, na mkubwa wangu alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Nikafanya nini? Nikaizidisha. Nikaweka mstari mmoja tu mwishoni mwa programu: mvua yoyote itakayotoka kwa miraba ya huku, zidisha mara mbili na nusu. Jumla ya msimu ikakaa sawa kabisa. Mkubwa wangu akanipa mkono. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa ndani yake, haki, unaiona imenyooka na ina lami.

Sasa nikueleze kuhusu mama yangu. Mama alikuwa na mbegu ya njahi, yale maharagwe yetu meusi yenye mstari mweupe, ambayo aliipokea kwa mama yake siku aliyoolewa, na mama yake alikuwa ameipokea hivyohivyo. Haikuwahi kununuliwa. Kila mwaka alipanda, akavuna, akala, akatenga ya mwaka ujao. Wewe mwenyewe unajua mvua ya Machi kwetu inaitwa mvua ya njahi. Basi Machi ile mama akaniuliza, nikiwa nimekuja nyumbani kwa wikendi:

"Wanjugu, wewe ndio uko na kompyuta. Nitoe mbegu lini?"

Nilikuwa na karatasi zangu kwenye mkoba, zile ndefu zenye matundu pembeni. Nikazikunjua mezani, kati ya vikombe vya chai. Mvua kila siku, wiki nzima, na si haba.

"Mami, panda Jumatatu."

Hakuuliza mara mbili. Alitoa mbegu zote isipokuwa kibuyu kimoja kilichokuwa kimening'inia jikoni juu ya moshi, na hicho alikiacha kwa sababu ngazi ilikuwa kwa jirani. Akapanda. Majirani nao wakapanda, maana mtoto wa Mama Wanjugu yuko hali ya hewa. Manyunyu yalikuja siku mbili, yakatosha kuamsha mbegu. Kisha jua likawaka wiki tatu. Nilipokuja tena, njahi ilikuwa imelala kwenye mistari yake, kavu, ukiigusa inavunjika.

Nililia, mwanangu. Si kwa aibu ya kazi. Nililia kwa sababu mbegu iliyopita mikono ya wanawake wangapi sijui ilikuja kufia kwenye karatasi yangu. Mama aliniangalia akaniambia, "Mbegu imekufa, wewe hujakufa. Bado niko na kibuyu moja. Hiyo moja nitangoja mwaka ujao, na utaniambia wewe siku ya kupanda. Lakini uende uulize vizuri."

Tazama nilivyouliza vizuri. Nilikwenda moja kwa moja shuleni kumwambia Mzee Kihara mkebe wake unavuja. Kwani ingekuwaje modeli iseme mvua siku kumi na sita na mkebe useme siku mbili? Kompyuta ilikuwa na kiyoyozi chake. Mzee alikuwa na kofia ya sufu na koti lililoraruka kiwiko. Nikaona nani mkosaji.

"Ati nini?" akasema.

"Mkebe, Guka. Nafikiri umetoboka chini."

Hakukasirika. Laiti angekasirika, ingekuwa rahisi kwangu. Aliung'oa mkebe, akaujaza maji ya bomba hadi mdomoni, akauweka juu ya jiwe, akakata miwa miwili, akanipa mmoja. "Tungoje," akasema. Tukala miwa. Aliniuliza habari za Nairobi, kama bado nasali, kama nimepata mtu. Nikajibu yote. Baada ya saa nzima akainua mkebe, akachukua kitambaa changu cha shingo bila kuomba, akafuta jiwe, akanirudishia. Kilikuwa kikavu.

"Mkebe iko sawa," akasema. "Sasa tupime ile ingine."

"Gani, Guka?"

"Yako."

Akaleta daftari. Ukurasa ulikuwa na safu tatu. Ya kwanza tarehe, ya pili kiasi cha maji, na ya tatu iliandikwa juu yake Maelezo. Katika safu ya pili niliona sifuri zimepangana kama shanga. Katika safu ya tatu, siku baada ya siku, kwa mwandiko wake wa fundi ulionyooka, maneno yaleyale: Ilionekana, haikufika. Ilionekana, haikufika. Ilionekana upande wa mlima saa tisa, haikufika.

Nikamwambia ukweli, kwamba nakala za kurasa zile zinapofika Nairobi tunachapa safu ya pili peke yake. Ya tatu hatuisomi.

"Kumbe," akasema mzee taratibu. "Mnakula maganda, ndizi mnatupa."

Saa tisa ilipofika akanipeleka nyuma ya madarasa, mahali unapoona mlima wote. Wingu lilikuwa limesimama, jeusi, limejaa. Chini yake nyuzi za kijivu zilishuka, zikashuka, halafu zikaisha hewani, juu sana ya miti. Chini yake jua lilikuwa likiwaka kama kawaida. Nilikuwa nimeliona jambo lile tangu nikiwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Tulikuwa tukisema mlima unanyolewa ndevu. Na sikuwahi kufikiri kwamba linanihusu.

"Hiyo ni mvua ama si mvua?" akaniuliza.

"Ni mvua, Guka."

"Iko wapi kwa mkebe?"

Hapo jibu likanifika. Hewa iliyo chini ya wingu ikiwa kavu, matone yanakauka njiani. Yanageuka mvuke kabla hayajagusa majani. Modeli yetu haikulijua hilo. Ndani yake kulikuwa na amri moja tu: tone likishazaliwa wingu­ni, limefika chini. Basi kila mara mlima uliponyolewa ndevu, kompyuta iliandika mvua Wamagana, na mimi, msomi, nikaizidisha mara mbili na nusu. Nimesikia watu wakisema dalili ya mvua ni mawingu, na ni kweli. Ila dalili si mvua. Nilikuwa nimemwambia mama yangu apande dalili.

Nikamweleza mzee kuhusu ule mstari wangu wa kuzidisha. Hapo ndipo aliponikemea, na alinikemea kwa sauti ya chini kuliko ninavyozungumza nawe sasa.

"Mtoto yangu, mimi nimejenga miaka mingi. Ukuta ikiwa kombo, kuna jiwe mahali ilikaa vibaya. Fundi anabomoa hadi afike hiyo jiwe. Wewe umepaka plasta juu, ukanyoosha na mwiko, ukaita watu waingie ndani walale. Hiyo si ujinga, ujinga mtu anafundishwa. Hiyo ni haraka."

Yamenikaa moyoni hadi leo. Ningekuonyesha mahali yalipoketi kama ningeweza.

Alinipa madaftari yake ya miaka yote, yamefungwa kwa kamba ya katani. Niliyabeba hadi Nairobi kama mtu aliyebeba kuku wa mahari. Nikamwambia mkubwa wangu nataka kuutoa ule mstari.

"Na jumla si iko sawa?" akasema. "Unabomoa nini?"

"Jumla iko sawa, mzee. Siku zake ndizo uongo. Na hakuna mtu hupanda kwa jumla."

Akanipa hadi Machi. Kama Machi ingefika na modeli haijatengemaa, mstari wangu ungerudishwa mahali pake. Nikautoa siku hiyohiyo. Na modeli, mwanangu, ikawa mbovu kuliko nilivyoikuta. Wenzangu wakanicheka, na hata mimi nilicheka, kwa kuwa ukibomoa plasta lazima nyumba ionekane vibaya kwanza.

Nilianza na yale matone. Niliandika hesabu ya kuyafuata kutoka wingu­ni kushuka chini, tabaka kwa tabaka, na kuuliza kila tabaka lina ukavu gani, limekunywa kiasi gani, limebakisha nini. Kisha nikauinua mlima. Nilichukua ramani ya karatasi na rula, nikaketi juma baada ya juma nikisoma mistari ya mwinuko, nikampa Kirinyaga kimo kinachomfaa, angalau kimo cha kuufanya upepo ujue umekutana na mtu. Na kila nilipomaliza hatua nilifungua safu ya tatu ya Mzee Kihara, nikailinganisha na kompyuta siku kwa siku. Ilionekana, haikufika. Polepole, siku zile za manyunyu ya uongo zikaanza kufutika. Doldol, kaskazini mwa mlima, ambako ule mstari wangu ulikuwa umeotesha bustani kwenye karatasi, kukarudi kuwa kukavu jinsi wafugaji wa kule wanavyokujua. Siku hiyo nilicheza dansi peke yangu mbele ya kabati lile la kompyuta. Mfagizi alinikuta, akafunga mlango polepole, akaniacha niendelee.

Machi ikafika. Mama akashusha kibuyu, akakiweka mezani, akakifunika kitambaa. Tulipatana hivi: kila asubuhi saa tatu, Mzee Kihara akishapima mkebe, nitapiga simu ya shule, na yeye atampelekea mama neno. Nilipiga siku ya kwanza.

"Bado, Guka."

"Sawa. Hata mkebe inasema bado."

Mawingu yakaja. Majirani wakaona nyuzi za kijivu zikishuka mlimani, manyunyu kidogo yakapita, wengine wakaanza kupanda. Mama Njoki, jirani yetu mwenye ulimi, alipita kando ya ua akisema, "Mama Wanjugu, kwani mbegu yako imesoma sana, siku hizi inakataa shamba?" Mama alicheka tu. Lakini mzee aliniambia baadaye kwamba kila jioni alimkuta ameketi karibu na kibuyu kile, mkono juu yake. Nami huko Nairobi nilizirudia zile hesabu kila usiku. Modeli ilisema bado, na mimi nilikuwa nimeshawahi kuiamini ikaniua. Kama ningesema bado na mvua ya kweli ikapita, mbegu ingechelewa na baridi ya Juni ingeikuta ikiwa changa. Kama ningesema panda na mvua isifike, kibuyu hakikuwa na ndugu.

Siku kumi na moja nilisema bado. Siku ya kumi na mbili karatasi zilitoka na nikaona hewa ya chini imelowa, tabaka zote hadi ardhini, hakuna la kuyanywa matone. Nikakosea namba ya shule mara mbili.

"Guka, kesho. Alasiri, saa tisa. Mwambie apande asubuhi."

Halafu akasema, "Hiyo umesema wewe ama kompyuta?"

"Sote wawili, Guka."

"Basi kuja uone."

Niliomba ruhusa, nikasafiri, nikafika nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Kesho yake tulipanda, mama na mimi, miguu mitupu, viatu vya kisigino vimeachwa Nairobi vilale. Mbegu zilitosha mistari saba. Alizidondosha mojamoja na mimi nikafukia. Adhuhuri anga ilikuwa buluu tupu. Mama Njoki akaja kusimama kwenye ua akiwa amefunga mikono kifuani, na Mzee Kihara akaja na kofia yake, na kinamama wengine wa kijiji wakaja vilevile, kila mmoja na sababu yake ya uongo.

Saa tisa ikafika, ikapita. Wingu lilisimama juu ya mlima. Nyuzi za kijivu zikashuka, nikaziona zikishuka.

"Inaonekana," mzee akasema.

Nilitazama mahali pale nyuzi zilipokuwa zikiishia. Hazikuishia pale. Ziligusa msitu, msitu ukapotea. Upepo wa baridi ukatupiga usoni na harufu ya udongo ndani yake, mabati ya shule yakaanza kulia kwa mbali, kisha yetu, na mvua ikatufikia sote pale shambani, nzito, ya kweli, ya njahi. Mama hakukimbia. Alisimama katikati ya mistari yake saba, akainua uso akanywa. Halafu akapiga vigelegele, vitano, kama vinavyopigwa kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, na kinamama wakamwitikia, na Mama Njoki akanishika kiuno tukacheza kwenye matope hadi nikaanguka. Nilicheka na kulia pamoja, na kwa ile mvua hakuna aliyejua kipi ni kipi.

Modeli ilikosea karibu saa nzima, nikuambie. Ilisema saa tisa, mvua ikaja saa kumi kasoro. Niliifukuza saa hiyo hadi nikastaafu na sikuipata yote. Iko huko, inawangoja ninyi.

Asubuhi ya pili, saa tatu kamili, nilisimama kwenye uzio wa kipima mvua kama nilivyosimama utotoni. Mzee akamimina, akapima, akaandika safu ya pili. Kisha akanigeuzia daftari nisome ya tatu. Ilionekana. Imefika.

Basi mwanangu, unaanza kazi ya hali ya hewa Jumatatu, na nimekuita si kwa uji peke yake. Jibu likikataa kukaa sawa, usilisukume likae. Shuka ulifuate lilikotoka, hatua kwa hatua, hadi uone ni wapi lilipokauka. Ubaya ukionekana baada ya kubomoa, usiogope, umekaribia jiwe. Na kabla hujasema mkebe wa mtu unavuja, kula muwa naye kwanza, usome safu yake ya tatu. Kuna watu wengi sana nchi hii wanaoandika ukweli mahali ambapo hakuna anayesoma. Kuuliza si ujinga, hilo ulifundishwa shuleni. Mimi nakuongezea: uliza kwa yule aliyelowa.

Chukua kibuyu hiki. Ni njahi ya mistari ile saba, imezaa na kuzaa. Mama alinipa, nami nakupa wewe, na usiniulize upande lini. Mungu akufungulie macho ya kuona na masikio ya kusubiri. Wazee wako wakusimamie mbele na nyuma. Na mvua yako, popote utakapoitazamia, ionekane, na ifike.